Jumamosi: macho ya nzi wa matunda

Habari za jioni, walimu na ndugu wote wa kikundi. Jumamosi tunakutana palepale Uyole, saa 4 asubuhi. Mada ni jinsi jeni zinavyojenga jicho la mdudu, na naomba msiiogope.

Mwaka 1995 maabara ya Walter Gehring kule Basel, Uswisi, iliwasha jeni iitwayo ey mahali pasipostahili jicho. Nzi wakaota macho kwenye mabawa, miguu na vipapasio! Wakajaribu na jeni ya panya, Pax6, ndugu yake ey: likaota jicho tena, lakini la nzi, si la panya. Hapo ndipo nataka tukae muda mrefu, maana wanafunzi wetu bado wanakariri kwamba jeni moja ni sifa moja. Sivyo kabisa. Jeni toy huiwasha ey, ey huziwasha jeni nyingine mbili, so na eya, nazo hizo hurudi kuichochea ey. Ni mtandao, kila mmoja anamtegemea mwenzake.

Mweka hazina, dada yetu, tafadhali tununulie ndizi za Tukuyu zilizoiva sana, uziweke kwenye chupa wazi tangu Alhamisi ili nzi waingie. Mwenye lensi ya mkono aje nayo. Mtaona jicho jekundu lenye vijicho karibu 800, vimepangwa safu kwa safu kama sega la nyuki.

Chai ipo, nauli kila mtu ajitegemee. Atakayechelewa aseme hapa mapema.