Mpwa wangu, hatua si mita

Mpwa wangu,

Picha ya nyumba yako ya Vikindu uliyoiweka kwenye kundi la ukoo nimeiona. Wenzangu walikuandikia hongera na mashallah, mimi nikanyamaza, na najua ulilihesabu hilo. Simu yangu hupokei. Basi nakuandikia hapa hapa hadharani, maana vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi wanaotaka kushuka Dar kila baada ya msimu ni wengi, na hata wewe usiposoma, wao watasoma.

Kwanza hongera. Kufikisha nyumba kwenye linta si jambo dogo kwa mtu aliyeondoka hapa na begi moja. Na kitu kingine, ambacho wewe unakijua.

Sasa tuanze na ardhi. Unawaambia watu umejenga Dar. Vikindu si Dar. Ukishaiacha Kongowe ukaingia Mwandege, tayari uko Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Sikuondolei sifa, nakuonyesha ofisi. Ukienda Temeke kuulizia kiwanja chako utapoteza siku na nauli. Mafaili ya ardhi ya huko yako halmashauri ya Mkuranga. Nenda idara ya ardhi uulize eneo lako limepangwa liwe nini kwenye mchoro wa mipango miji: makazi, shule, au uwanja wa wazi. Uliza limepimwa au bado. Uliza pia kama linahesabiwa ardhi ya kijiji, kwa sababu hiyo ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mwenyekiti mmoja na muhuri wake hawezi kukugawia peke yake. Kuna halmashauri ya kijiji, na kuna mkutano wa wanakijiji. Mambo haya huulizwa kabla pesa hazijatoka mfukoni. Wewe uliza hata sasa, lakini usishangae jibu.

Ulisema ni ishirini kwa ishirini. Nilipouliza ishirini za nini, ukacheka. Hatua! Dalali alikupimia kwa miguu yake, mpwa wangu, na dalali akipima anachokiuza miguu yake hufupika. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hatua 20 ni mita 15. Kumi na tano kwa kumi na tano ni mita za mraba 225, na wewe ulilipia ukiwa na 400 kichwani. Umeuziwa kiwanja kwa kangomba, kipimo cha kopo badala ya mizani. Hapa kwetu mtu akija na kopo lake kununua korosho tunamfukuza, lakini kule ulikubali kupimiwa kwa viatu vya mtu. Tepu ya mita 50 ingetosha. Pima pande nne, halafu pima kona kwa kona mara mbili. Hizo mbili zisipolingana, kiwanja kimepinda, na nyumba yako itapinda nacho au itaingia kwa jirani.

Tena ulinunua Agosti. Sisi huku juu ya uwanda mvua tunaijua moja tu, inaanza Novemba au Desemba inaishia Aprili, basi. Kule kuna vuli na kuna masika. Kiwanja cha pwani hununuliwa Aprili, ukiwa umevaa gambuti, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Agosti kila bonde ni uwanja wa mpira. Kwenye picha yako, nyuma ya ukuta wa jikoni, nimeona matete. Matete hayadanganyi, mizizi yake iko majini. Kama ni kijito, hata kile kinachokauka, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na siku ya bomoabomoa hakuna atakayeuliza ulilipa kiasi gani. Vivyo hivyo barabara kuu: hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Na angalia jirani mkubwa ni nani. Watu wa Mbagala waliokuwa karibu na ghala la silaha wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto wanaikumbuka Februari 2011.

Muuzaji naye huangaliwa. Ana mke? Mke asaini, hasa kama mahali penyewe pana nyumba wanayoishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ana wake wawili, wasaini wote wawili. Mali ni ya urithi? Hapo usiangalie sura wala machozi. Dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, isome jina, ilinganishe na kitambulisho. Bila barua hiyo, kila ndugu aliyebaki ana haki ya kuja kukugongea, na anayekuuzia anakuuzia ugomvi wa ukoo wake.

Na hapo ndipo tulipo mimi na wewe. Karatasi uliyoniletea nisaini ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Shamba la marehemu mama yako, mirathi haijafunguliwa, mnunuzi kasimama chini ya mwembe na pikipiki inawaka. Mlisema mjomba ana roho mbaya, mjomba anataka mikorosho iwe yake. Sikusaini kwa sababu zile zile ambazo leo ningependa mtu angekwambia kule Vikindu. Shamba lile ni la upande wa mama, na dada zako wawili wako hai. Ekari mbili zilizopandwa mita 12 kwa 12 ni miti isiyofika 60. Ikipuliziwa salfa kwa wakati ili ugonjwa wa ubwiriunga usiishike, inaleta pesa za mnada kila Novemba. Fungu lako liko benki kwa jina lako, hata shilingi haijaguswa. Hukuliulizia. Ungejenga kwa awamu kwa pesa hizo: za mnada zikiingia Desemba, Januari na Februari unamwaga msingi kabla ya masika, Juni unarudi kunyanyua ukuta, Septemba unapaua kabla ya vuli. Miaka mitatu. Ulitaka miezi mitatu.

Mazikoni kwa mama yako hukufika, na hilo silo ninalokudai. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na magari yakalala njiani. Hata ungekuwa na mabawa. Uliingia siku ya arobaini, ukakaa jamvini na wazee, ukala, ukasoma dua na sauti yako ilikuwa nzuri kuliko ya mwalimu. Nililala nimeridhika.

Alfajiri nikasikia bawaba.

Ulikuwa na bisibisi na tindo, umevaa kanzu ile ile ya jana. Mlango wa mbele wa nyumba ya mama yako ulikuwa umeegemea mti, pini zimetolewa, na wewe unapangusa mikono. Mlango wa mninga, futi saba kwa tatu, ulimi na tundu, hauna msumari hata mmoja. Upande wa bawaba kuna mikwaruzo ambayo marehemu alichonga kwa msumari, mmoja kwa kila gunia lililokwenda ghalani. Ukasema, "Mjomba, mmeninyima shamba, mlango nao ni wa ukoo?" Ukaubeba kichwani hadi stendi. Watu waliokuja kutufariji walikuta nyumba imeachama, mbuzi wawili wamesimama sebuleni.

Mwingine angeuza mlango ule. Wewe nilidhani umeuchukua kwa mapenzi, na kwa hilo nilikuwa nimeanza kukutetea mbele ya dada zako. Kisha ndiyo hiyo picha ikaja. Wote waliona nyumba. Mimi niliona chini, kushoto: mlango umelazwa juu ya tofali mbili, una lundo la mchanga na saruji juu yake, na beleshi. Mafundi wako wanakorogea udongo juu yake.

Waambie wauondoe leo. Saruji ikishagandia kwenye mninga inatia doa jeusi lisilotoka, na ile fito ya chini ikikaa kwenye maji itaoza kuanzia kwenye ulimi, ndani, mahali usipopaona. Usioshe kwa dawa ya choo kama wanavyoosha vigae. Kwangua saruji kwa kipande cha mti ikiwa bado mbichi, sugua kwa brashi na maji matupu, kisha ulaze kivulini juu ya fito tatu zilizolingana, bapa, wiki nne. Usiusimamishe ukutani, utapinda. Juani utapasuka.

Nimeangalia na mengine, kwa kuwa nilikuwa naangalia.

Tofali zako kona zimekwisha kumomonyoka kabla hata hazijajengwa. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa zaidi ya tofali 35 za inchi sita, kilichobaki ni mchanga uliopakwa rangi. Wauzaji wa barabarani wanatoa 50 na wanakuapia. Chukua moja, iachie kutoka kiunoni ianguke kwenye ardhi ngumu: ikivunjika vipande viwili, ishi nayo, ikimwagika, rudisha mzigo wote. Nzima pia zinywe maji asubuhi na jioni siku saba kabla hazijapandishwa ukutani, na mafundi hawapendi kazi hiyo kwa kuwa haionekani.

Ile linta ya dirisha la mbele imekalia ukuta kwa ncha za vidole. Kila upande iingie ukutani angalau sentimita 15, bora 20. Nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20, na nondo isiguse mbao za chini. Weka vijiwe vya saruji viinyanyue. Maji ya kukorogea zege onja kwanza. Yakiwa na chumvi, nondo itakula kutu humo humo ndani, na baada ya miaka michache utaona ufa umefuata mstari wake. Mchanga wa baharini ni hivyo hivyo, hata wakikwambia umenyeshewa.

Shimo la choo umelichimba kona ya kulia, na kisima unachoringia kiko kona ya kushoto. Kati ya shimo na kisima inatakiwa mita 30. Kiwanja cha mita 15 kwa 15, kona kwa kona, kina mita 21 na kidogo. Kwa hiyo popote utakapoweka, hazitoshi, na hapo sijamhesabu jirani, ambaye shimo lake liko nyuma ya ukuta wako. Hata kingekuwa 20 kwa 20 kweli, kona kwa kona ni mita 28. Kisima hicho kiwe cha kufulia na kumwagilia tofali kama hakina chumvi. Ya kunywa, wewe ni mtoto wa Newala, hujasahau tulivyokuwa tunayavuna batini. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 inakupa lita 3,000 kasoro kidogo. Mvua ya kwanza iache imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi la lita 2,000 kwa watu sita wanaotumia lita 40 kila mmoja ni siku nane. Likijaa lina uzito wa tani mbili, na wewe umelisimamishia nguzo ya tofali zile zile zinazomomonyoka. Chini ya tangi lile anacheza mtoto, nimemwona kwenye picha. Ni wa kwako? Hukutuambia.

Umeme, kaa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo; ukizidi hapo unaingia gharama ya nguzo. Bati nunua geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi ingawa namba ni kubwa, na upepo wa pwani una chumvi. Nauli uihesabu mwenyewe: magari mawili kwenda Kariakoo na mawili kurudi, siku 26, ni nauli 104 kwa mwezi, kabla hujanunua chai. Pango la chumba Mbagala pengine lingekuwa nafuu. Najua, ulitaka kuitwa mwenye nyumba.

Narudi kwenye mlango.

Nafasi ya mlango uliyoiacha mbele naikadiria sentimita 80 kwa kulinganisha na tofali. Mlango una 91. Najua fundi atakachokwambia: turande. Usimruhusu. Upande wa bawaba ndio wenye mikwaruzo, na upande wa kitasa ukirandwa sentimita 11, tundu la ulimi linabaki wazi. Panua ukuta sasa, kabla linta ya pale haijamwagwa, ufike sentimita 100 kwa 218, pamoja na fremu ya inchi mbili kwa tano iliyochongwa hatamu, ule mfuo wa kukalia mlango, ya nusu inchi.

Fremu usitengeneze. Siku ile ulichukua mlango ukaiacha ukutani, na mimi niliing'oa wiki iliyofuata kabla mchwa haujaiwahi. Iko kwangu darini, nzima, na nafasi za bawaba zinajulikana ziko wapi. Dada zako walitaka nyumba ifungwe kwa bati, tukafunga kwa bati.

Nitumie vipimo vya nafasi ya mlango: upana juu, katikati na chini, urefu kushoto na kulia. Kwa tepu, si kwa hatua. Nikivipata nitaifunga fremu kwa magunia niipakie kwenye basi, ishushwe Vikindu uipokee mwenyewe, usitume bodaboda. Mlango hufungukia ndani, bawaba kushoto ukiwa umesimama nje.

Mjomba wako,
Newala