Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, mafundi mbao wenzangu, assalam aleikum na hamjambo.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Mikutano ya robo mwaka ilifanyika, wenzetu wawili tuliwazika, Mungu awarehemu, vijana sita walihitimu nakshi, na banda la Majengo limeezekwa upya. Mabati niliyatafuta mwenyewe duka kwa duka. Sikudai hata nauli.

Sasa lile linalozungumzwa barazani. Mwezi wa Machi kamati ilirudisha lori la mbambakofi, mbao ngumu ya msituni, tulilouziwa nusu ya bei ya soko, bila kibali chochote cha msitu. Nimeitwa mnyima riziki. Wapo pia walionong'ona kwamba nina muuzaji wangu pembeni. Sina, na risiti zote ziko kwa Bi Mweka Hazina.

Mwenye lori alisema mbao zimetoka "pande za Shimba". Tuizungumze Shimba basi, maana wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Vilima vile vya Kwale ni jiwe la mchanga, ukoo mmoja na mawe ya Mazeras mliyoyatandika uani. Juu yake ulisimama msitu wenye mivule na mibambakofi ya kutosha, na serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wake tangu 1903. Lakini msitu wa serikali wakati huo ulikuwa pia ghala la mbao. Mivule minene ilichaguliwa ikaangushwa, na baadaye sehemu nyingine zikapandwa misonobari. Mwaka 1968 eneo kubwa likafanywa hifadhi ya wanyama, kwa ajili ya ndovu na palahala, aina ya swala, ambaye Kenya nzima hapatikani kwingine. Msitu huo leo una wenyewe wawili, idara ya misitu na idara ya wanyamapori. Fundi atakayekutwa na gogo la kutoka mle atajibu kwa nani kwanza? Mimi sitaki kujua, na karakana ikifungwa hamtamlaumu mwenye lori, mtanilaumu mimi.

Mwenzetu mmoja alinitumia ujumbe mrefu kwamba marufuku ya ukataji miti ya 2018 iliondolewa 2023. Ni kweli, ila kilichofunguliwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa. Mbambakofi wa msitu wa asili haumo. Ningemjibu hapa ana kwa ana, lakini leo hakuja.

Tena lipo la maji. Mvua huzama ndani ya jiwe lile ikatokea chini kwenye chemchemi, na za Marere huletwa kwa mabomba hadi Mombasa. Miti ikiondoka, udongo wa kichanga nao huteremka na mvua. Mnaolalamika kila siku kwamba mifereji imekauka, kumbukeni hilo kabla ya kunitukana.

Kamati iliandaa safari ya Kwale mkajionee. Basi la watu 33 lililipwa, wakapanda 11. Pilau iliyobaki iligawiwa watoto wa Kwale.

Hesabu: wanachama 86, waliomaliza ada 31, madeni ya ada Sh 118,400, mabati Sh 62,000, basi Sh 18,000, salio benki Sh 47,250. Maswali zaidi aulizwe Bi Mweka Hazina. Ninachoongeza ni kwamba nimepitia orodha ya wadaiwa, na waliopiga kelele zaidi kuhusu lori karibu wote wamo.

Mwaka ujao, inshallah, tutazungumza na idara ya misitu tuone kama kuna njia ya kupata mbao ngumu kwa halali, na tukijaliwa tutafute mahali pa kupanda miche. Kuhusu mashine ya randa, tunaomba subira.

Uchaguzi ni Februari. Nitasimama tena. Asiyelipa ada hapigi kura. Kifungu hicho kimebandikwa mlangoni tangu mwaka juzi.

Mwenyekiti