Kabula, baiskeli siuzi

Kabula mwanangu,

Hujambo wewe, mume wako hajambo, na huyo mjukuu wangu meno yameshatoka? Huku wote wazima, vuli imechelewa ila imefika, jana imenyesha mpaka kuku wamekosa pa kusimama. Meseji yako ya sauti nimeisikiliza yote mpaka pale unaposema niuze baiskeli, mama utanipa presha, nikacheka peke yangu jikoni. Najua ni shangazi yako ndo kakupigia akakwambia wifi yake kachanganyikiwa, anaendesha baiskeli porini kajifunga skafu kichwani. Sio porini, ni Luchelele, hapahapa Mwanza. Skafu ni kweli.

Nakuandikia maana kwenye simu hunipi nafasi, ukishaanza "mama, mama, mama" bando linaisha sijasema kitu. Kwa hiyo soma taratibu, mtoto akilala.

Kwanza futa hiyo habari kwamba ni daktari kaniambia. Hakuna daktari. Ingekuwa ni ya daktari ningeshaacha zamani, kama nilivyoacha ile mizizi ya shangazi yako huyohuyo. Mi nilianza kwa sababu nilistaafu nikajikuta sijui ninapokaa. Hebu fikiria, miaka yote hiyo nafundisha mjini, asubuhi napanda daladala Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, nashuka, jioni narudi hivyohivyo, na dirisha lenyewe ukilipata nusu yake ni kwapa la mtu. Ungeniuliza nyuma ya kile kilima cha mawe unachokiona ukiwa unaanika nguo kuna nini, nisingekujibu. Nimejenga hapa, nimekulea hapa, nyuma ya kilima sipajui.

Na wewe ulivyosema utanitumia hela ya bajaji ili nisihangaike, nashukuru, tuma tu, ila bajaji haipiti ninapopita mimi.

Baiskeli nimeinunua mwenyewe kwa hela yangu, mtumba wa Japani, ya kike, ile ambayo bomba la juu limeshuka chini kwa hiyo hunyanyui mguu kama unaruka ukuta. Ina gia. Hilo la gia ndo lilinishinda mwanzoni maana mi nimejifunzia Phoenix ya babu yako, na Phoenix gia yake ni mapaja yako. Babu yako aliipata kwa hela ya pamba, na miaka ile baada ya vita ya Kagera vitu vilikuwa vimeadimika dukani, sabuni tu ilikuwa ya kupanga foleni, sasa tairi la baiskeli utalipata wapi, la kwake alikuwa analishona na kamba likipasuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sisi tulikuwa tunaiiba akilala mchana, mguu mmoja unaupitisha chini ya bomba, unakanyaga umejikunja upande, kiti hukifikii wala hukitaki. Mi ndo nilikuwa namfundisha mjomba wako, sio yeye aliyenifundisha mimi kama anavyosema kwenye misiba.

Watu wanasema ukishajua baiskeli husahau. Nusu yake ni uongo. Kutoanguka ndo husahau, hiyo mwili wenyewe unaikumbuka hata kabla hujafikiria, lakini makalio yamesahau kabisa, viganja vimesahau, na goti la kushoto lilikuwa linanipigia kelele usiku mpaka nikaanza kuamini maneno ya shangazi yako. Kumbe shida ilikuwa kiti. Kuna fundi pale Malimbe anakaa chini ya mwembe, kijana mdogo tu, aliniangalia napita akaniita, "Mama, mbona unaendesha umechuchumaa?" Akanishusha, akaniambia weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Akapandisha kiti juu karibu kiganja kizima. Nikaona sasa huyu ananiua, miguu haifiki chini! Ila goti likanyamaza tangu siku ile, na mlima ambao nilikuwa nausukuma nikaanza kuupanda nimekaa.

Nikawa mteja wake wa kudumu maana huku mbigili zipo za kutosha, hasa kiangazi. Nikwambie anavyoziba pancha maana napenda kuangalia. Anatoa tyubu, anajaza upepo, anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande mpaka aone mapovu, anaweka njiti ya kiberiti pale penye tundu asipapoteze. Anakausha, anasugua na msasa, anapaka gundi, halafu hapo sasa anasubiri, hana haraka, anapiga stori, mpaka gundi ikauke nusu ndo anabandika kiraka. Wengi wanaharibu hapo, wanabandika ikiwa mbichi. Na kabla hajairudisha anapitisha kidole ndani ya tairi lote taratibu, maana mwiba wenyewe mara nyingi bado umekaa mle unakusubiri. Siku moja alitoa miwili kwenye tairi moja akaniwekea mkononi, akasema zawadi.

Sasa hiyo njia yenyewe. Natoka hapa kukishapambazuka, sio gizani, usianze. Nafika Malimbe, pale chuoni wanafunzi wa SAUT bado wamelala, nikishapita hapo barabara ya magari naiacha. Kuna njia ya miguu inapita katikati ya mawe, mengine makubwa kuliko nyumba yetu, mahali pengine njia ni jiwe tupu limelala na unapita juu yake, kavu halina neno ila likilowa na mvua nashuka nasukuma, sioni aibu. Juu ya mawe jua likishapanda kidogo unawakuta wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu, madume wanapiga pushapu kutishiana. Pimbi nao wapo, wanakuangalia kama umeingia kwao bila hodi. Halafu unateremka kwenye bustani za nyanya na mchicha, watu wanamwagilia, hapo lazima usimame usalimie kila mtu, ukipita bila salamu kesho hupiti. Mlima gia unabadilisha kabla haujaanza, sio ukishafika katikati unakanyaga na nguvu zako zote, mnyororo unalia kisha unaruka. Kwenye kichanga karibu na ziwa natoa upepo kidogo tairi lilale, vinginevyo gurudumu linazama unabaki umesimama na watoto wanakushangilia, "Bibi sukuma! Bibi sukuma!"

Ufukweni wanaanika dagaa. Mwanangu mi nimekula dagaa maisha yangu yote na sikuwa najua kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, dagaa hawaifuati taa kukiwa na mwanga wa mwezi. Kwa hiyo siku hizi najua mwezi ulipofika kwa kunusa tu, giza likiwa nene usiku basi asubuhi mchanga wote ni fedha tupu na mnandi na korongo wamejipanga kama wanakwenda kulipwa, mwezi ukikomaa unapita pakavu, kina mama wamekaa wanashona nyavu na kusemana. Na mimi nakaa hapo kidogo. Nimewazoea, wananiuliza habari zako.

Ile njia ya zamani ya pembeni kabisa ya maji haipo, wenyeji wanasema 2020 ziwa lilivyofura likaimeza. Mwaka ule unaukumbuka? Maji yalipanda mpaka yakavuka hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakitaja kila siku. Sasa watu wamekanyaga njia nyingine huku juu inazunguka matete, mi naona ni nzuri zaidi maana ina kivuli. Na maji ya kwenye matete siyagusi, kichocho nakijua, usinifundishe.

Bodaboda ndo wananichekesha. Wananipita pale stendi, "Bibi panda nikupeleke, nikudai mwezi ujao." Mmoja alinifuata kabisa polepole ananiuliza nimekosa nini nyumbani. Wanawake wenzangu wa kwaya nao, ooh gauni litaingia kwenye cheni, ooh mtu mzima miguu nje. Miguu gani, navaa trakisuti ndani na gauni nalifunga pembeni kwa pini kubwa, niko stara kuliko wao kwenye bodaboda wamekaa upande. Huku Usukumani mwanamke kuendesha baiskeli sio jambo geni hata kidogo, bibi zenu walipeleka mpunga mashineni na baiskeli, gunia nyuma mtoto mgongoni. Ni huku mjini ndo baiskeli imekuwa kitu cha mtu aliyekosa nauli. Akikuona mwalimu mstaafu anakanyaga anadhani pensheni haijatoka. (Haijatoka yote, lakini hilo ni jambo lingine.)

Kuhusu usalama nakuelewa, mtoto lazima aulize. Barabara kuu siendi, yale malori ya Usagara nayaona kwa mbali tu. Mama Juma jirani anajua nikitoka, simu imejaa chaji. Natamani siku moja nifike lile daraja jipya la Kigongo na Busisi, nilivuke taratibu kwa kukanyaga, maana pale mi nimelala kwenye foleni ya kivuko na wewe ukiwa mgongoni unalia usiku kucha, na saa hivi ni kilomita kama tatu tu unavuka. Ila kufika pale lazima upite barabara ya malori, kwa hiyo mpaka uje na mumeo mniwekee baiskeli kwenye gari. Nimeshamwambia yeye, alikubali, usimgeuze.

Baba yako angekuwepo angesema nini? Angekasirika siku mbili kisha angeiomba.

Haya sasa ya muhimu. Ukienda Kariakoo nitafutie tairi moja la nyuma, 26 kwa 1.95, sema hivyohivyo, wasikupe 28 ya Phoenix, na uangalie liwe na meno sio kipara. Helmeti kama unaogopa sana basi nunua, nitaivaa juu ya skafu. Pampu ndogo ya kufunga kwenye fremu. Vyote weka kwenye kiroba wape watu wa basi, nitumie namba ya gari na ya kondakta, nitapokea hapahapa stendi ya Nyegezi. Na kuna zile kaptula zina sponji makalioni, fundi kaniambia zipo, saizi yangu unaijua. Hizo zifunge ndani kabisa, usimwambie shangazi yako.

Mbusu mtoto.

Mama yako