Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Taka Zikishatoka Maabarani

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa Njoro na Nakuru, wa Kakamega, Maseno, Bondo na hapa Kisumu. Ya fedha nitayapita upesi kwa sababu mweka hazina atawasomea hesabu zake: michango imeingia kwa kusuasua, ila hatudaiwi na mtu. Mikutano ya robo mwaka tuliifanya yote. Nafasi yangu nataka kuitumia kwa jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu, nalo ni taka zetu.

Tukiongea habari za usalama maabarani, mazungumzo huishia kwenye glavu, barakoa na makabati ya kufanyia kazi za vimelea. Hayo tunayajua na tunayafanya vizuri. Udhaifu wetu unaanza jaribio likiisha, mtafiti akavua koti akaenda zake, na mfuko wa njano ukabaki kando ya mlango ukimsubiri mtu mwingine.

Mwaka huu mtu huyo alikuwa mama anayefanya usafi katika mojawapo ya maabara tunazozihudumia. Aliuinua mfuko kama kawaida, akauegemeza pajani ili afungue mlango. Sindano iliyotupwa humo badala ya kwenye kisanduku chake ikapenya mfuko, ikapenya sketi, ikamchoma. Akanawa, akanyamaza. Alikuja kuniambia kesho yake jioni, tena kwa kunong'ona, akihofia kibarua kuota nyasi. Nilimpeleka hospitalini usiku uleule. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Kisha humezwa siku 28. Alizimaliza zote, na vipimo vyake vimetoka salama. Mungu ashukuriwe.

Lakini daktari alipomuuliza kama amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, alijibu kwamba hajawahi kuisikia chanjo hiyo. Sisi wenye makoti meupe tulikuwa na dozi zetu tatu. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa hiyo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Kwa hiyo aliyekuwa karibu zaidi na hatari ndiye aliyeachwa bila ngao. Hiyo ni aibu yetu sote, na nimeiandika hapa kwa idhini yake.

Tulipokuwa tukilifuatilia hilo, mmoja wetu akauliza swali jepesi: tunajuaje kwamba vimelea vilivyotoka kwenye otoklevu, ule mtambo wa kuviua kwa mvuke wa moto, vimekufa? Jibu letu la miaka yote ni ule mkanda unaobandikwa juu ya mfuko. Mistari ikigeuka myeusi, tunatia sahihi. Mkanda huo unaonyesha tu kwamba mfuko umepata joto kwa nje. Ya katikati ya mfuko hauyajui.

Tukanunua vichupa vya kupimia, vile vyenye spora (mbegu zenye ganda gumu) za bakteria Geobacillus stearothermophilus, ambazo ni sugu kwa joto kuliko karibu kila kitu tunachokitupa. Kimoja tukakizika katikati ya mfuko uliojazwa hadi shingoni ukafungwa kwa kamba, kama tulivyozoea, tukaupika nyuzi 121 kwa dakika 20. Mkanda ulitoka na mistari myeusi tititi. Kichupa tukakiweka kwenye inkubeta, kabati la kuoteshea vimelea, ya nyuzi 56 pamoja na kingine cha kulinganishia ambacho hakikupikwa kabisa. Asubuhi tukafungua mlango. Vyote viwili vilikuwa vimeacha rangi ya zambarau, vimekuwa njano. Njano maana yake spora zimeota, yaani zilikuwa bado hai.

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kila mmoja alikuwa akihesabu moyoni mifuko aliyoitilia sahihi.

Sababu yenyewe inaeleweka. Mvuke huua pale unapogusa, na hewa iliyonaswa ndani ya mfuko uliofungwa kabisa huuzuia usifike ndani. Tulirudia: mfuko umejaa theluthi mbili tu, mdomo umelegezwa, maji kikombe kimoja yametiwa ndani, muda ni saa nzima. Kichupa kilibaki zambarau. Huo ndio utaratibu tunaoupendekeza kwenu, na kila mtambo upimwe kwa kichupa, kwa sababu mitambo yetu haifanani. Stima ikipotea katikati, msiunganishe dakika. Rudini mwanzo, hata kama ni saa kumi na moja jioni na matatu inakusubiri. Na chochote chenye Jik, ile dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, kisiingie humo kabisa. Moto huo hutoa gesi ya sumu. Jik yenyewe, ile ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, ichanganywe upya kila siku na tarehe iandikwe kwenye chupa.

Kuhusu wasafishaji, tuliwaandikia wakuu wa maabara. Mmoja alikubali mara moja kugharamia chanjo. Wengine walitujibu kwamba wasafishaji ni wa kampuni ya kandarasi, si wao. Siwezi kulikubali jibu hilo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Haiulizi mshahara unatoka kwa nani. Barua ya pili imekwishaandikwa, na safari hii nitaipeleka kwa mkono.

Mafunzo yao tuliyafanya kwa Kiswahili na Kijaluo, bila slaidi, tukiwa tumesimama mbele ya mapipa yenyewe. Yule mama ndiye aliyewaonyesha wenzake jinsi ya kubeba mfuko mbali na mwili na kuushika shingoni. Walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi.

Kwenye mkutano mkuu nitaomba kura zenu kwa mambo mawili: fedha za vichupa vya mwaka mzima, na chanjo kwa wasafishaji ambao hakuna aliyekubali kuwalipia. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo tukichelewa kuanza tutachelewa kumaliza. Tafadhali kila mmoja aje na daftari la otoklevu la maabara yake, jinsi lilivyo, hata kama lina kurasa tupu.

Wenu,
Mwenyekiti