Malalamiko kuhusu njia ya SSH mliyotuuzia na jinsi mlivyoiacha wazi

Busia, Uganda

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya kuhifadhi tovuti,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: KUINGIA KWENYE SEVA KWA SSH, NA USALAMA WA TAARIFA ZA WANACHAMA WETU

Salamu. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Busia, na ndiye ninayeitunza tovuti ya chama iliyo kwenye seva zenu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nakala ya barua hii itasomwa mbele ya kamati yetu, na hapa mpakani Kiswahili ndicho kinachotukutanisha: wauza samaki, wenye maduka ya nguo, vijana wa bodaboda na mawakala wa forodha, kila mmoja na lugha ya kwao.

Tulipandisha kifurushi chetu na kulipia mwaka mzima kwa sababu moja tu. Kifurushi kikubwa kinaruhusu SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa mawasiliano yaliyofungwa yasisomwe na mwingine; cha zamani hakikuruhusu. Nimeingia kwa SSH baada ya siku 19. Kuchelewa huko tungekuvumilia. Kinachonifanya niandike ni kwamba kila nilipoomba msaada, wahudumu wenu walinielekeza nifanye jambo linaloondoa usalama uleule niliokuja kuununua, na wakaniambia ndivyo wateja wote wanavyofanya.

Nieleze kwanza kwa nini tuliihitaji. Tovuti yetu ina sehemu ya wanachama, yenye majina, namba za simu, kiasi cha akiba na mkopo wa kila mmoja. Zamani nilikuwa nanakili taarifa hizo kila Ijumaa kwa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, ambayo hupitisha nywila bila kuificha, mtu yeyote aliye katikati ya njia akaisoma kama anavyosoma bango la barabarani. Tena umeme ukikatika katikati ya kazi, nilikuwa naanza upya. Kwa SSH naweza kutumia rsync, programu inayopakua yale tu yaliyobadilika tangu Ijumaa iliyopita, na kila kitu kikasafiri kimefungwa. Bando la intaneti nchini linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo kila faili linalopakuliwa mara mbili ni pesa ya wanachama inayopotea.

Siku 3 za mwanzo zilipotea kwa sababu seva yenu haipokei SSH kwenye poti (namba ya mlango wa mawasiliano) 22 iliyozoeleka, na namba mnayoitumia haikuandikwa popote katika maelezo mliyonitumia. Hilo nalitaja tu, silishikilii.

Ninaloshikilia linaanzia hapa. Nilitengeneza kwenye kompyuta yangu jozi ya funguo za aina ya Ed25519, mmoja wa siri unaobaki kwangu na mmoja wa wazi unaowekwa kwenye seva, nikauwekea ufunguo wa siri neno la kuufungua, kisha nikaupakia ule wa wazi kwenye paneli yenu, ukurasa wa kusimamia akaunti, na kuuidhinisha. Seva ikaukataa, ikawa inaniomba nywila. Nilipofungua tiketi, yaani ombi la msaada, mhudumu wa kwanza alisema tatizo ni intaneti ya huku kwetu. Intaneti mbovu hukata mawasiliano, ndugu Meneja. Haiwezi kuchagua kukubali nywila na kukataa ufunguo. Mhudumu wa pili akaniomba nimtumie faili zote mbili za ufunguo, la wazi na la siri, kwa WhatsApp, ili "ajaribu mwenyewe".

Nilikataa kwa upole. Ufunguo wa siri hautoki kwenye kompyuta ya mwenyewe hata siku moja, na hiyo ndiyo maana yake yote: seva inathibitisha kwamba ninao bila mimi kuuonyesha kwa yeyote. Siku iliyofuata nikakuta barua pepe yenu. Mlikuwa mmetengeneza jozi nyingine ndani ya seva yenu, mkanitumia ufunguo wa siri ukiwa hauna neno la kuufungua, mkaidhinisha wa wazi kwenye akaunti yetu bila kuniuliza. Ufunguo huo umepita mikononi mwa wafanyakazi nisiowajua, umelala kwenye seva ya barua pepe, na unafungua taarifa za wanachama zaidi ya 200. Niliuondoa kwenye paneli dakika ileile. Mteja asiyejua angeutumia hadi leo.

Tatu Ylönen aliunda SSH mwaka 1995, alipokuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Kitu hiki kilizaliwa ili nywila isipite mahali pa wazi. Nyinyi mkanitumia nywila ya muda kwa WhatsApp, kisha ufunguo wa siri kwa barua pepe, katika wiki moja.

Chanzo chenyewe nilikipata mwenyewe usiku wa siku ya 19. Niliendesha amri ya kuunganisha kwa namna inayoeleza kila hatua, nikaona kompyuta yangu inautoa ufunguo wangu, seva inaupita kimya na kurudi kwenye nywila. Nikajua kosa liko kwenye folda. Folda ya .ssh ilikuwa na ruhusa 700, na faili la authorized_keys, lenye orodha ya funguo zilizoidhinishwa, 600; namba hizo zinampa ruhusa mwenye akaunti peke yake, kama inavyotakiwa. Nilipopanda ngazi moja, nikakuta folda kuu ya akaunti ina 777.

Hapo moyo wangu ulishtuka, nisiseme uongo. 777 maana yake mtumiaji yeyote wa seva anayeweza kuifikia folda ile ana ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta ndani yake, na seva hiyo tunaitumia pamoja na wateja wenu wengine. Programu ya SSH ilifanya sawasawa kuukataa ufunguo wangu: folda kuu ikiwa inaandikika na kila mtu, haiwezi kuamini kwamba orodha ya funguo iliyo ndani yake niliiandika mimi.

Nani aliyeiweka 777? Nimerudi kwenye tiketi za nyuma. Miezi 2 kabla, picha zilipokuwa hazipandi kwenye tovuti, mhudumu wenu aliandika: "Tumeweka 777, sasa itafanya kazi." Maneno hayo bado yapo, mnaweza kuyasoma. Kwa miezi 2 mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi, mliufungua nyinyi, na kufuli niliyoinunua ndiyo iliyonionyesha. Nimerudisha ruhusa kuwa 711, isiyowaruhusu wengine kuandika, na ufunguo ukakubaliwa papo hapo. Muda wa kurekebisha ulikuwa chini ya dakika moja.

Nilidhani yameisha. Jumatatu iliyofuata kompyuta ikakataa kuunganisha, ikaandika onyo kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika na kwamba huenda kuna mtu anasikiliza katikati. Nilipiga simu. Mhudumu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi, akasema mmehamia seva mpya, nifute tu mstari wa zamani kwenye known_hosts, faili la kompyuta yangu linalokumbuka utambulisho wa seva, kisha niandike "yes". Nikamwomba anisomee alama ya utambulisho ya ufunguo wa seva mpya, yaani mfululizo mfupi wa herufi unaoutambulisha ufunguo huo, ili nilinganishe na ninayoiona. Hakujua ninaomba nini. Mkubwa wake aliposhika simu akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Huenda kweli mlihamia seva mpya. Lakini mtu anayetaka kujifanya seva yenu angetokeza kwangu onyo lilelile, na mteja mliyemfundisha kufuta mstari na kuandika "yes" angempokea bila swali. Ndiyo sababu siku hiyo sikuunganisha, na Ijumaa hiyo chama hakikuwa na nakala. Mhasibu wetu aliniuliza kwa nini, nikamwonyesha onyo lenyewe kwenye skrini, akalisoma polepole hadi mwisho, akasema nimefanya vema. Yeye hajawahi kufanya kazi ya kompyuta zaidi ya kuandika mahesabu, na alilielewa.

Naomba yafuatayo kwa maandishi. Mnithibitishie kwamba ile jozi ya funguo mliyoitengeneza imefutwa kila mahali, pamoja na nakala za barua pepe. Mnipe kumbukumbu za walioingia kwenye akaunti yetu, kwa SSH na kwa FTP, kwa miezi ile 2 folda ilipokuwa wazi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatutaka sisi tunaokusanya taarifa na nyinyi mnaozihifadhi tuzilinde, na zikiguswa na asiyehusika, taarifa ipelekwe serikalini mara moja. Siwezi kujua kama ninalo la kutaarifu bila kumbukumbu hizo. Mfunge kuingia kwa nywila kwenye akaunti yetu, ubaki ufunguo peke yake. Na alama za utambulisho za seva zenu mziweke kwenye ukurasa wenu wa msaada, mkitangaza kabla ya kuhama, pamoja na namba ya poti.

Kuhusu pesa, tunadai turudishiwe malipo ya siku 19 tulizolipia bila kuhudumiwa. Si nyingi, ila zilitoka kwenye michango ya watu wanaoweka akiba kidogo kidogo kila wiki, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao kueleza zilivyotumika.

Jambo moja la haki niliseme: kijana wenu wa zamu ya usiku, aliyenipa hatimaye namba ya poti, alinijibu kwa heshima na alikiri pale alipokuwa hajui. Naomba asiadhibiwe kwa barua hii. Wahudumu wenu wanajibu wasichofundishwa, na kuwafundisha ni kazi yenu.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Yasipokuja, kamati imeniagiza nipeleke malalamiko kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, Kampala, na nihamishe tovuti. Hadi sasa sijaunganisha na seva yenu mpya. Nipo ofisini kila siku ya kazi hadi saa 11 jioni. Atakayenipigia awe na alama ya utambulisho mbele yake, herufi zake zote 43, anisomee taratibu akitaja kubwa na ndogo, nami nitakuwa nafuatisha kwenye skrini yangu.

Wenu katika kazi,

Katibu na msimamizi wa tovuti ya chama
Nakala: Mwenyekiti na wajumbe wa kamati