Barua ya wazi kwa mjomba wangu, mpiga rithimu

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kukupigia simu kama ilivyo kawaida yetu, kwa sababu jambo ninalotaka kukuomba linawahusu pia wenzako wengi wa rika lako, waliopiga magitaa katika bendi za dansi za Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Tabora, ambao leo wamekaa majumbani na kumbukumbu ambazo hakuna aliyewahi kuwauliza. Mama ameniambia kwamba umempata fundi aliye tayari kulipaka rangi upya lile gitaa lako la umeme la Teisco, kulibadilishia pikapu, yaani vile vinasa mtetemo vilivyo chini ya nyuzi, na kulifunga funguo mpya za kukazia nyuzi, ili mjukuu wako apate chombo cha kujifunzia. Nia hiyo ni njema na ninaiunga mkono, lakini nakuomba kwa heshima zote gitaa hilo lisipelekwe kwa fundi kwanza.

Nilipokuja kukusalimu mara ya mwisho nililishika nikalitazama kwa muda mrefu. Rangi nyekundu imelika mpaka mbao ikatokeza pale mkono wako wa kulia ulipokuwa ukiegemea. Vile vyuma vyembamba vya shingoni vimechimbika, ila havikuchimbika vyote sawasawa: vya mwanzo, vilivyo karibu na kichwa cha gitaa, vina mabonde chini ya kila uzi, ilhali vile vinavyokaribia tumbo vimebaki karibu kama vilivyotoka kiwandani. Mpiga solo angeacha alama tofauti kabisa, maana yeye maskani yake ni huku kwenye sauti nyembamba, karibu na tumbo. Mtu anayeyajua magitaa anaweza kukitazama chombo hicho bila kusimuliwa lolote, akatambua kwamba mwenyewe alikuwa mpiga rithimu, yule anayeshikilia mwendo wa wimbo kwa mapigo ya kurudiarudia, tena aliyeshika nafasi hiyo kwa miaka mingi. Ushahidi huo ndio utakaopotea siku vyuma vikisuguliwa na rangi mpya ikimwagwa.

Zipo pia zile swichi ndogo zilizopangwa mstari mmoja juu ya pikapu, kila pikapu na swichi yake, kama magitaa mengi ya Teisco ya miaka ya 1960 yalivyotengenezwa. Moja umeigandisha kwa gundi, na uliwahi kunieleza kwamba ilikuwa ikijizima yenyewe katikati ya chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ya kuchezea, jambo ambalo hakuna mpiga rithimu anayeweza kulivumilia mbele ya ukumbi uliojaa. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi una umbo lisilofanana na wenzake kwa kuwa ulitolewa kwenye gitaa jingine, nyakati zile za mwanzo wa miaka ya 1980 ambapo fedha za kigeni ziliadimika nchini na kupata hata seti moja ya nyuzi kulihitaji kumfahamu mtu anayesafiri. Fundi ataiona swichi iliyoganda na ufunguo wa kuazima akasema ni ubovu. Mimi naona hapo historia ya kipindi kizima cha muziki wetu, imeandikwa na watu waliokuwa wakitafuta namna ya kupanda jukwaani Ijumaa jioni.

Mjomba, ninalisisitiza hili kwa sababu magitaa ya namna hiyo yaliyobaki mikononi mwa waliokuwa wakiyapiga ni machache, na chanzo chake unakijua kuliko mimi. Vyombo havikuwa mali ya mwanamuziki. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na iliendelea kubadilika jina pamoja na chama chenyewe, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi kufikia Msondo Ngoma ya leo. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Polisi walikuwa na bendi yao na jeshi likawa na zake. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na miaka michache baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na gitaa lilikuwa kifaa cha kazi kilichohesabiwa pamoja na ngoma, spika na amplifaya, likirudishwa stoo baada ya onyesho.

Kwa hiyo watu walihama na magitaa yakabaki. Mwimbaji Muhidin Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar walipotoka JUWATA kwenda kuianzisha Mlimani Park, na walipohama tena mwaka 1985 pamoja na mwimbaji Hassan Bitchuka kwenda Orchestra Safari Sound, wapenzi wa dansi walifuatilia habari hizo kama wanavyofuatilia usajili wa wachezaji wa mpira. Hakuna aliyefuatilia vyombo. Ninaamini kwamba sehemu ya ule utambulisho uliomwezesha msikilizaji kujua kwa sekunde chache kama ni Msondo au ni Sikinde, yaani Mlimani Park, ilitokana na vyombo vyenyewe: pikapu zile, amplifaya zile za valvu zilizopashwa moto usiku kucha, nyuzi zilizotumika mpaka zikafifia. Wengi husifu sauti za waimbaji na tarumbeta, nao wana haki. Lakini mwajiriwa mpya alipokabidhiwa gitaa lililoachwa na mwenzake, alikabidhiwa pia sehemu ya sauti ya bendi, na ilimbidi aisikilize kabla hajaanza kuleta ya kwake.

Lako limenusurika kwa sababu bendi yenu ilipovunjwa mwajiri wenu aliuza vyombo, nawe ukalinunua gitaa ambalo ulikuwa umelipiga ukiwa mfanyakazi. Sijui kama uliwahi kufikiri jinsi jambo hilo lilivyo adimu.

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Ninataka ukae chini tukurekodi ukisimulia, na ninataka usimulie magitaa. Historia ya dansi imeandikwa kwa kiasi fulani, lakini imeandikwa kwa majina ya waimbaji, watunzi na wapiga solo. Kila anayependa muziki huu anamfahamu Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaunda Super Volcano, kisha akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Wanamfahamu Michael Enoch wa Dar es Salaam Jazz na baadaye Mlimani Park, Joseph Mulenga, Saidi Mabera wa Msondo, na Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12. Heshima yao ni ya haki na sitaki ipunguzwe. Lakini ukimwuliza shabiki mkubwa wa bendi hizo ni nani alikuwa akimpigia rithimu mpiga solo anayemwabudu, mara nyingi atanyamaza.

Ukimya huo unaniuma, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Uliniambia nisiufuate wimbo kwa masikio ya mwimbaji, bali nianzie chini: kwanza besi, kisha rithimu, kisha solo la pili, na mwisho ndipo nimruhusu mpiga solo. Nilipofanya hivyo nilisikia muziki mwingine ndani ya muziki ule ule. Katika sehemu ya kwanza ya wimbo, wakati mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu, rithimu hukaa nyuma na kutandika, na solo la pili hujibizana na solo kubwa kwa maneno mafupi. Wimbo unapoingia kwenye chemko, maneno yanapungua, tarumbeta zinapokezana na kiitikio, watu wanainuka, na mzigo wote unahamia kwa mpiga rithimu na mpiga solo la pili, wale wawili ambao hakuna anayewatazama. Mpiga solo anaweza kupotea kidogo akarudi, tena akashangiliwa. Mpiga rithimu akipotea kwa pigo moja tu, ukumbi mzima unahisi, hata kama hakuna atakayejua kilichotokea.

Ulinionyesha pia kwamba kazi kubwa imo katika kiganja cha mkono wa kushoto, kinachoachia nyuzi kidogo mara tu baada ya pigo ili sauti ikatike, na kwamba mkono wa kulia hausimami hata pale usipogusa uzi. Nimekaa na vijana wanaopiga vizuri leo, nao husikiliza rekodi za zamani na kudhani kwamba ule mkatiko unatokana na mashine ya studio. Hawajui, na watajuaje ikiwa hatujaandika popote? Rekodi zenyewe zinaweza kuwathibitishia, kwani nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa bendi kupiga wimbo mzima kwa pamoja mbele ya maikrofoni, wala si kila mmoja kwa zamu yake. Kanda hizo, ambazo TBC, shirika la utangazaji la taifa, imezirithi, ni hazina kubwa. Hata hivyo kanda haiwezi kutueleza nani alisimama wapi chumbani, gitaa lipi lilisogezwa mbali kwa kuwa linavuma, na kwa nini rithimu inasikika wazi katika wimbo mmoja na kufunikwa katika unaofuata. Hayo yamo kichwani mwako.

Tafadhali usiniambie tena kwamba wewe ulikuwa "wa nyuma tu". Kila mara ninapokuuliza hunielekeza kwa mwimbaji wenu aliyepata jina, kana kwamba yeye ndiye mwenye habari. Nimewahi kumsikiliza mwimbaji huyo akihojiwa, naye alisimulia mavazi, safari na mapenzi ya wasikilizaji, mambo ambayo yana thamani yake, lakini hakuweza kusema hata bendi ilikuwa na magitaa mangapi. Wewe unakumbuka lipi lilikuwa na shingo iliyopinda kwa joto la jua garini mlipokuwa mkisafiri mikoani, na jinsi mlivyotumia waya wa breki ya baiskeli uzi mnene ulipokatika na hapakuwa na mwingine. Nataka hayo yahifadhiwe kwa sauti yako, na ukiwa umelishika gitaa, kwa sababu nimeona kwamba vidole vyako hukumbuka kabla ya mdomo.

Kuhusu mjukuu, tumnunulie gitaa jipya, nami nitachangia nusu ya gharama. Hilo la zamani lisifungiwe pia kabatini, kwa kuwa hewa ya pwani yenye chumvi itazila funguo na nyuzi haraka zaidi likikaa bila kushikwa. Lifutwe kwa kitambaa kikavu, libadilishwe nyuzi, na ikiwa kuna waya uliofumuka ndani, fundi auchomee bila kutoa pikapu wala kukwangua rangi. Kifaa chochote kitakacholazimika kutolewa kiwekwe ndani ya bahasha na kuandikwa kilitoka wapi. Kijana ajifunze kwenye jipya, na mara moja moja akae nawe alishike la zamani ili aweke vidole vyake kwenye mabonde yale ya shingoni. Huko atajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu wa muziki anayeweza kumwonyesha.

Nitafika mwisho wa mwezi na kinasa sauti na daftari. Naomba umpigie simu mwenzako wa besi aliyehamia Tanga na umweleze kwamba nauli yake nitaitoa mimi, kwani nimegundua kwamba mkiwa pamoja mnasahihishana, na kila mmoja hukumbuka kile ambacho mwenzake amekiruka. Tutaanza na safu yenu ya magitaa kama ilivyokuwa siku ulipoajiriwa: nani alipiga nini, chombo gani, na alikiachia nani alipoondoka. Wasomaji wa barua hii wenye baba, babu au jirani aliyepiga gitaa la rithimu, solo la pili au besi nawaomba wafanye vivyo hivyo nyumbani kwao mapema, wakati wazee hao bado wana nguvu ya kukaa na gitaa pajani.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mpwa wako