"Hawafahamiki", mlimuuliza nani?

Ndugu mhariri,

Mi siyo mtu wa kuandika barua. Gazeti lako nanunua tangu 2009 na makosa yenu nayameza tu na chai. Ila picha ya Jumapili iliyopita, ile ya timu ya reli ya Tabora, imenishinda kumeza. Chini yake mmeandika mwaka 1935, alafu "wachezaji hawafahamiki". Hawafahamiki na nani? Wa tatu kutoka kushoto kwenye waliochuchumaa, huyo mwenye masikio makubwa, ni babu yangu mzaa baba, na masikio yenyewe ninayo mimi hapa.

Na hiyo 1935 mmeitoa wapi? Kibao walichoegemeza mbele ya mpira kimeandikwa E.A.R. & H., pamoja na wino wenu wa kuchafua vidole kinasomeka. Hiyo ni reli na bandari za Afrika Mashariki, imeanza 1948 walipounganisha reli yetu na ya Kenya na Uganda. 1935 ilikuwa bado Tanganyika Railways na babu alikuwa anachunga mbuzi. Ila najua kwanini mmeipenda 1935, ndo mwaka wa Yanga, na kwenu nyie mpira wa nchi hii ulianza Yanga, mwaka wa pili yake wakaja wale wa Msimbazi, basi, huko kwingine watu walikuwa wanalima tu. Wakati timu za mikoani nusu yake zimelelewa na kazi! Pamba ya Mwanza, Bandari ya Mtwara, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, na Sigara ya hapohapo Dar, majina yenyewe yanakwambia mshahara ulikuwa unatoka wapi. Hata kombe la Gossage la 1926 lililokuja kuzaa kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati lilitolewa na watu wa sabuni.

Sasa nikwambie kwanini nimekasirika hivi. Miaka 6 namtafuta huyo mzee kwenye makaratasi. Bibi kabla hajafariki alinambia babu aliajiriwa kwa mguu wake, siyo kwa cheti, bosi wa karakana alimuona anacheza akasema huyu nileteeni Jumatatu, na kwa vile cheti hakuwa nacho akaenda na cha kaka yake. Kwahiyo jina la ofisini lilikuwa la kaka mtu, uwanjani wanamuita Breki kwasababu hapitiki, na jina lake mwenyewe tunalijua sisi wa nyumbani. Nenda katafute mtu wa hivyo! Nikaenda ofisi moja ambayo siitaji, mara ya kwanza wakataka cheti cha kifo, nikarudi nacho wakataka barua ya serikali ya mtaa, nikarudi nayo na mhuri wakaniuliza muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi. Kikao cha nini jamani? Kumbe yule kijana wa masjala muda wote huo anadhani nimefuata mafao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika 1977, maana wazee wengi wamepita hapo na bahasha zao, akaniambia kwa huruma kabisa "mama, hizo hela zilishaisha, usijisumbue na nauli". Namwambia mwanangu sitaki hela, nataka kujua babu yangu alianza kazi lini na alicheza namba ngapi. Akanikodolea macho, akamuita mwenzie aje asikie, wakacheka, alafu wakaniambia mafaili ya zamani yalikuwa stoo, stoo ikavuja mvua, wakayaanika uwanjani, upepo ukaja. Upepo ukaja! Mtu kafanya kazi reli miaka 20 na kitu, kahamishwa Tabora, Dodoma, Morogoro, kila stesheni anavaa jezi, alafu kaondoka na upepo. Kingine wakasema nikajaribu Nairobi maana makao makuu yalikuwa kule, wamesema kama vile Nairobi ni hapo sokoni.

Na tukiwa kwenye mpira wa kazini, hizi bonanza za siku hizi nazo ni aibu. Mwaka jana kwetu kazini tulicheza na wenzetu wa idara nyingine, golikipa wao alishushwa na bodaboda dakika 10 kabla ya filimbi, nikampa maji nikamuuliza we uko kitengo gani, akanijibu "kitengo cha golini". Mamluki mtupu! Zamani walikuwa wanamuajiri mtu kwanza ndo acheze, sasa hivi anaajiriwa dakika 90 na soda. Na picha ya pamoja tukapiga, yule kijana kakaa katikati kabisa kashika kombe. Mjukuu atakayeitafuta hiyo timu 2075 nampa pole mapema, atahangaika kwenye orodha ya mishahara mpaka azeeke.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Kila Jumatano mna ukurasa mzima wa mikeka ya kubeti, kateni robo yake tu, hapo kona ya chini kulia, muweke picha moja ya timu ya zamani ya kazini, reli, bandari, posta, hospitali, yoyote, alafu msiandike "hawafahamiki", andikeni "nani huyu?" na namba ya simu ya kupokelewa na mtu, siyo ile yenu inayoita mpaka inakata. Bibi zetu bado wapo wachache, wanakumbuka majina ya utani na nani alikuwa jirani ya nani kota za reli, ila hawakai wakisubiri mhariri. Na nyie wenye picha ndani, zigeuzeni leo mwandike nyuma kwa penseli, kushoto kwenda kulia, mpaka mtoto aliyeshika machungwa. Kalamu inavujia usoni, usiniulize nimejuaje.

Marekebisho nayataka ukurasa uleule wa michezo, msinipeleke kwenye matangazo ya vifo. Aandikwe Breki, Tabora, baada ya 1948. Huyo aliyechuchumaa kulia kwake mwenye bandeji ya kifundo cha mguu simjui, ulizeni kwenu, pengine ni babu yako wewe mhariri.

Mjukuu wa Breki,
Tabora